Benki ya Februari

Mjomba wangu aliuza korosho zake mwezi wa pili. Asiyetoka kusini mwa Tanzania anaweza asione ajabu hapo, lakini kwetu Tandahimba mwezi wa pili mkorosho ni majani matupu. Maua huanza kutoka katikati ya mwaka, mabibo huanguka kuanzia Septemba, minada hufunguliwa Oktoba, na kufika Januari watoto wanaokota masazo chini ya miti. Februari ni mvua na palizi. Alichouza mjomba ni korosho ambazo hazijachanua.

Ilikuwa usiku, mwaka 2017. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imemvimba, kichwa kinamgonga, na zahanati walikuwa wameandika rufaa aende hospitali ya wilaya. Mwenye gari alitaka hela ya mafuta kwanza. Mjomba alibisha hodi nyumba tatu za ndugu, na yetu ilikuwa ya pili. Mama alifungua pindo la kanga, akatoa elfu nne, akampa zote. Kisha mjomba akaenda kwa mtu ambaye kila mmoja kijijini anamjua, akarudi na elfu sitini. Hawakuandikiana karatasi. Walikubaliana tu makopo mangapi yatapimwa msimu ukifika.

Binti alijifungua salama, na mtoto sasa anasoma. Novemba ya mwaka ule mjomba alipima makopo yake. Kwa mizani ya chama cha msingi cha ushirika zingekuwa kilo sitini hivi, na bei mnadani msimu ule ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: alipokea 60,000, akalipa korosho za 240,000 hivi, kwa miezi tisa.

Hiyo ndiyo inaitwa kangomba. Ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi wa minada, unaopimwa kwa kopo au bakuli, fedha taslimu papo hapo, na mara nyingi fedha hiyo inatolewa miezi mingi kabla ya mavuno. Serikali inaikataza na kila msimu viongozi wanaikemea kwenye mikutano. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaletwa kusomba mizigo, wakulima walihakikiwa mashamba yao ili wenye kangomba wajulikane: una tani kadhaa ghalani, onyesha mikorosho yako iko wapi. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna hiyo, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza mkulima anaenda kangomba kutafuta nini.

Anatafuta mkopo. Kangomba ni benki, mbaya na ya kinyonyaji, lakini inafungua Februari.

Na hapa kuna jambo lililonisumbua miaka yote hii hadi nimeamua kuliandika. Usiku ule mjomba alikuwa na akaunti ya benki. Kadi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la nguo, pamoja na kitambulisho cha mpiga kura. Korosho zetu zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani zinakusanywa ghalani kwa risiti kisha zinauzwa mnadani, tangu msimu wa 2007, na malipo siku hizi yanapitia akaunti, kwa hiyo karibu kila mkulima ana akaunti. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya Watanzania watu wazima wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Ni hatua kubwa na siibezi. Lakini mjomba alikuwa upande wa waliofikiwa, na bado aliuza maua.

Nimekuwa wakala wa fedha kwa simu kijijini kwetu kwa miaka minne kabla ya kuhamia Mtwara mjini. Banda langu lilikuwa la mbao, meza moja, simu tatu za vitufe, daftari kubwa la mistari na mwavuli uliofifia rangi. Ukitaka kuelewa fedha inavyokaa kijijini, usisome taarifa za mwaka. Soma daftari la wakala. Novemba nilikuwa najaza kurasa tatu hadi nne kwa siku, na karibu kila mstari umeandikwa "kutoa". Malipo ya mnada yanaingia leo, kesho asubuhi foleni imefika barabarani, na kila mtu anatoa zote. Hawaachi hata elfu kumi. Kufika saa tano keshi yangu imekwisha, na kuanzia hapo ni kuwaambia watu wazima niliowaamkia shikamoo asubuhi, "Baba, sina keshi, njoo jioni." Februari ukurasa mmoja ulinitosha wiki nzima, na mara nyingi keshi ilikuwa haipo pia, kwa sababu nyingine kabisa: hakuna anayeweka, kwa hiyo hakuna cha kumpa anayetoa.

Niliwauliza wengi kwa nini hawaachi kitu kwenye akaunti. Majibu yao yalinifundisha kuliko semina zote za mawakala nilizohudhuria. Mzee mmoja aliniambia akiacha elfu ishirini, nauli ya kuifuata na makato ya kuitoa vitakula robo yake, sasa anaacha ya nini. Dada mmoja alisema fedha ya kwenye simu inaombwa: mume anajua ipo, shemeji anajua ipo, na huwezi kumwambia mtu huna wakati meseji ya salio imeingia mbele yake. Bati halimegeki kumpa shemeji. Ndiyo maana Novemba bati zinanunuliwa, pikipiki zinanunuliwa, redio kubwa zinanunuliwa. Watu wa mjini wakipita huku wakati wa msimu wanatucheka kwamba korosho zinatutia wazimu. Nimewaona watu wenye akili timamu wakigeuza fedha kuwa bati haraka kwa sababu bati ndiyo njia pekee waliyonayo ya kuilinda. Kisha Februari wanauza bati hiyohiyo kwa nusu ya bei.

Wengine hawakuwa na uwezo wa kuacha hata wangetaka, kwa sababu laini si zao. Hili lilitokea wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwishoni mwa 2019, tulipoambiwa mwisho ni tarehe 20 Januari 2020. Kile kidude cha kusomea vidole nilikuwa nacho mimi. Mama yangu alikuja zamu yake ilipofika, akakaa kwenye benchi, akanyoosha mkono kama mtu anayechomwa sindano. Kidole gumba kikakataa. Cha shahada kikakataa. Nikavifuta kwa kitambaa, nikavifuta kwa maji, nikamwambia avisugue kwenye kanga. Vikakataa.

Mama amebangua korosho tangu akiwa msichana. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na mwanamke aliyebangua miaka arobaini anakuwa na ncha za vidole laini kama kioo. Ongeza jembe. Tulijaribu kumi vyote, watu nyuma yetu wakinung'unika, hadi kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki ganda wala nyundo, kikakubali. Mama akaniuliza, "Sasa mimi ndiye nani, hiki kidole kidogo?" Sikuwa na jibu. Siku hiyohiyo niliwarudisha nyumbani bibi watatu ambao vidole vyao vyote vilikataa. Laini zao wakaja kuzisajili wajukuu kwa majina yao, na tangu hapo fedha zao, kisheria, ni za wajukuu. Wajukuu wengi ni waaminifu. Mmoja hakuwa.

Benki kufika vijijini si wazo geni Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 benki zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikapelekwa hadi wilayani. Vyama vya ushirika vilikuwa vinawakopesha wakulima pembejeo, vikavunjwa 1976, vikarudishwa 1982 vikiwa vimepoteza nguvu. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, matawi mengi ya mikoani yakawa benki mpya, NMB, na kwa miaka mingi hilo ndilo tawi pekee ambalo mwalimu au muuguzi wa wilayani alilijua. Mama anakumbuka safari ya kwenda kuweka fedha kama safari ya siku nzima juu ya lori, kuteremka, kupanga foleni, na kurudi usiku kwa miguu kipande cha mwisho.

Watu walijaribu pia kuanzisha benki zao wenyewe. Tandahimba tulikuwa na benki yetu ya jamii, TACOBA, na nakiri niliipenda kwa jina lake tu, kuona wilaya yetu kwenye ubao wa benki. Lakini benki ndogo ina udhaifu unaoeleweka: wateja wake wote wanavuna mwezi mmoja na wanapungukiwa mwezi mmoja. Mwaka ambao bei ya zao imeanguka, wote wanakuja kutoa na hakuna anayerejesha. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano zilizokosa mtaji wa kutosha, zikiwemo ya wakulima wa Kagera, ya jamii ya Njombe na ya Meru. Bima ya amana wakati ule ilikuwa na ukomo wa shilingi milioni moja na nusu. Habari ile ilifika kijijini kwetu kwa redio asubuhi, na mchana watu walikuwa bandani kwangu wakiuliza kama na sisi tumefungwa. TACOBA haikufungwa. Baadaye iliungana na benki ya ushirika ya Kilimanjaro kuunda Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Mkulima wa korosho na mkulima wa kahawa hawavuni wala kupungukiwa kwa pamoja, na hilo peke yake linanipa tumaini na benki ile kuliko hotuba zote za siku ya uzinduzi.

Simu ndiyo iliyobadilisha mambo kweli. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikaingia Tanzania 2008, na sisi tuliokuwa tunatuma hela kwa kondakta ndani ya bahasha tunajua maana yake. Mwanafunzi wa bweni Masasi alitumiwa hela ya daftari ndani ya dakika. Mgonjwa Muhimbili alichangiwa na ukoo mzima kwa jioni moja. Hakuna tawi la benki ambalo lingefanya hivyo. Kwa hiyo tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, nilisikia uchungu kama nimepigwa mimi. Wateja wangu hawakuandamana. Walirudi kwa kondakta. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huohuo na ikapunguzwa tena 2022, lakini kuna akina mama ambao hawakurudi tena bandani. Mtu mwenye kipato kidogo ukimwonyesha mara moja kwamba fedha yake inaweza kukatwa akiwa amelala, umemfundisha somo la maisha.

Mikopo ya simu nayo ikaja. M-Pawa mwaka 2014, kisha nyingine nyingi. Nimewasajili watu kwa mikono yangu na mwanzoni nilifurahi. Lakini nikaona mkulima anakopa Februari, siku thelathini zinaisha Machi, na Machi hana hata punje ya korosho. Anakopa kwingine kulipa hapa. Halafu kuna wale wanaopita na pikipiki na makoti, wanaotoa mkopo na kudai rejesho kila wiki, ambao nchi nzima inawaita kausha damu. Rejesho la kila wiki linamfaa mama muuza vitumbua, anayeshika hela kila asubuhi. Mkulima wa korosho anashika hela mara moja kwa mwaka. Kumdai kila wiki ni kumwambia auze kuku, kisha sufuria, kisha godoro, na nimeona hayo yote matatu yakibebwa kwenye kijia kilichopita mbele ya banda langu.

Kangomba ilibaki palepale, kwa sababu katika wote hao kangomba pekee ndiyo inayosema: nilipe ukivuna.

Sasa niwaeleze kuhusu kikundi cha mama. Ni kikundi cha hisa cha kawaida, wengine wanaita vikoba, watu 28, wanawake 24 na wanaume wanne. Mtindo huu chimbuko lake ni Niger, mkoa wa Maradi, mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini, na kutoka huko ukasambaa Afrika nzima hadi ukatufikia. Wanakutana kila Jumatano saa kumi jioni chini ya mkorosho mkubwa wa mwenyekiti. Sanduku ni la chuma, rangi ya buluu, lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wa vitongoji tofauti, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Kila mmoja ana namba, na hakuna anayeitwa kwa jina.

"Namba kumi na moja!"

"Hisa mbili."

Hisa moja ni 2,000. Mhesabu fedha wa kwanza anahesabu kwa sauti, wa pili anarudia kwa sauti, kisha muhuri unagongwa kwenye kijitabu mara mbili, na nafasi zilizobaki zinachorwa mstari ili mtu asije akazijaza baadaye. Kikundi kizima kinatazama. Asiyejua kusoma anajua kuhesabu mihuri. Hapo hakuna alama ya kidole inayokataa. Mkopo unatolewa mbele ya wote, na mkopaji anasimama na kusema anakopa ya nini. Nimewahi kukaa pale nikiwa na simu zangu tatu mfukoni na kujua kabisa kwamba hiki ndicho wateja wangu walichokuwa wanakikosa kwangu: kuiona fedha yao ikilala mahali.

Lakini kikundi kilikuwa na kasoro moja kubwa na miaka mingi hakuna aliyeitaja. Mzunguko ni mwaka mmoja, na mwisho wake kikundi kinavunjwa: sanduku linamwagwa, kila mtu anapata hisa zake na faida. Walivunja Desemba. Mwalimu aliyewafundisha aliwaambia Desemba, kwa sababu ya sikukuu, na wao wakashika hivyo. Kwa hiyo Desemba, mwezi ambao kila nyumba bado ina hela ya korosho, sanduku nalo lilikuwa linamwaga hela juu ya hela. Januari linaanza upya na sarafu. Februari, dhiki inapobisha hodi, ndani ya sanduku kuna mihuri ya wiki tano.

Niligundua hili nikiwa na daftari langu mkono mmoja na kijitabu cha mama mkono wa pili. Kurasa nene Novemba, kurasa nyembamba Februari, na sanduku limefuata mkondo uleule. Benki, wakala, kikundi, sote tulikuwa tunafungua mlango wakati wa shibe.

Nimesoma kuhusu wakulima wa tumbaku wa Malawi, ambao nao wanalipwa mara moja kwa mwaka kupitia benki. Watafiti waliwapa baadhi yao nafasi ya kufunga sehemu ya malipo hadi tarehe wanayoichagua wenyewe, karibu na kupanda. Waliopewa nafasi hiyo walinunua pembejeo zaidi na kuvuna zaidi. Fedha iliyofungwa yenyewe haikuwa nyingi, na hilo liliwashangaza watafiti wenyewe. Mimi sikushangaa sana. Mtu mwenye mahali pa kusema "hela imefungwa, haitoki hadi mwezi fulani" ana jibu la kumpa shemeji. Lile jibu lina thamani kuliko riba.

Kwa hiyo ninapoulizwa benki zifanye nini kwa watu wa vijijini, jibu langu linaanza na kalenda. Mkulima anapolipwa Novemba, aulizwe palepale, kwa Kiswahili na kwa sauti: nikufungie ngapi hadi Februari? Aseme 50,000, aseme 100,000, na Februari atoe bila makato hata ya shilingi moja, kwa sababu fedha hiyo benki imeitumia miezi mitatu. Hilo halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji mtu mmoja makao makuu ambaye amewahi kukaa kijijini Februari.

Na mkopo. Benki husema mkulima hana dhamana. Hati ya kimila ya shamba ipo kwa waliobahatika kupimiwa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inairuhusu, lakini niseme wazi kwamba sitaki kuona mikorosho ya bibi yangu ikipigwa mnada kwa ajili ya mkopo wa nauli ya hospitali. Kwetu Wamakonde shamba lina wenyewe wengi upande wa mama, na mmoja hawezi kuliweka rehani akalala usingizi. Lakini benki ina kitu bora kuliko hati. Ina historia ya akaunti ya mjomba. Kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba fedha ya korosho inaingia pale kupitia chama kilekile cha msingi. Hata mwaka wa ukame, inaingia. Mtu aliyeingiza fedha miaka minane mfululizo anashindwaje kukopeshwa 60,000 Februari, ikatwe malipo ya kwanza yakiingia? Riba yoyote halali itakuwa nafuu mbele ya kopo. Niliwahi kumpeleka mjomba kwenye tawi moja kuuliza hilo. Kijana wa mikopo alimsikiliza kwa heshima, akamwita mzee, kisha akamwambia alete barua ya mwajiri.

Mama hakusubiri benki. Mwaka juzi, kwenye kikao cha kwanza cha mzunguko, alisimama, namba nne, akasema tusivunje Desemba, tuvunje wiki ya pili ya Februari. Walibishana Jumatano tatu. Wapo waliosema sikukuu bila mgao si sikukuu. Wapo waliosema Februari mvua kubwa, tutagawana wapi. Mwenyekiti, mama mtu mzima anayeongea kidogo, aliwauliza kila mmoja ataje kitu alichouza Februari iliyopita na bei aliyouzia. Wakataja: mbuzi, cherehani, bati kumi na mbili, kopo kumi. Ilipofika kwa mtu wa ishirini hivi hakukuwa na haja ya kuendelea. Wakapiga kura kwa mawe.

Nilikwenda Februari iliyofuata kuangalia. Mvua ilinyesha kweli, tukahamia darasa la pili la shule ya msingi, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Walioshika funguo watatu walifika wamelowa. Kufuli moja ilikuwa imeshika kutu, ikatiwa mafuta ya taa. Fedha zilihesabiwa mafungu mafungu juu ya meza ya mwalimu, na nje maji ya bati yalikuwa yanapiga kelele hadi mhesabu fedha akawa anapaza sauti kama anagombana. Mama alipata 187,000. Alizifunga pindoni, akakaza fundo mara mbili, akatoka mvuani bila kusubiri ikatike.

Kesho yake asubuhi yule mtu wa makopo alipita kama anavyopita kila mwaka, kofia ya mvua kichwani, mfuko umefungwa kifuani. Akasimamisha pikipiki uani kwetu. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akamvutia kigoda, akamkaribisha chai, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua.

"Mwaka huu vipi, mama? Shida hazikosekani."

"Hazikosekani, baba. Lakini mwaka huu sina cha kukuuzia."

Alimaliza chai yake, akashukuru, akawasha pikipiki. Nilimsikia akipita nyumba ya pili, ya namba kumi na moja, bila kupunguza mwendo. Nyumba ya tatu ni ya mjomba, ambaye hayumo kwenye kikundi. Pale nikasikia injini ikizimwa.